Ndege Aliyenaswa Ndani ya Dohani



Somo la safari hii ni la nyumbani, nalo limetokana na swali. Mama mmoja alinisimamisha nje ya kanisa baada ya ibada, akaniambia: "Mwalimu, ndani ya dohani yetu kuna kitu kinapapatika tangu jana asubuhi. Baba watoto ataka kuwasha moto ili kitoke. Wewe wasemaje?" Nikamjibu kwamba moto usiwashwe kwa hali yoyote, na kwamba ningefika kabla ya jua kuchwa. Nilipofika nikamkuta kwezi, yule ndege mweusi mwenye rangi ya kutu katika mabawa, na giza lilipoingia alikuwa amekwisha kwenda zake. Kwa kuwa si nyumba hiyo moja tu yenye dohani katika mtaa wetu, nimeona afadhali niandike yote niliyojifunza juu ya jambo hili, ili mwingine asisumbuke kunitafuta.

Ndugu zetu wa pwani wakisoma haya huenda wakacheka, maana kwao nyumba haina haja ya dohani. Lakini sisi wa Njombe twakaa karibu meta 2000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai sakitu huunguza majani ya viazi mashambani. Ndiyo sababu wale waliojenga nyumba za misheni na nyumba za walimu zamani waliweka meko ya kuotea moto sebuleni, na dohani ya matofali juu yake. Nyumba hizo zingali zinakaliwa, lakini nyingi hazikoki moto tena, ama kwa uhaba wa kuni, ama kwa sababu watu wamezoea jiko la mkaa. Na dohani isiyowaka moto, kwa macho ya ndege, haina tofauti na mti mkubwa wenye tundu. Ni pakavu, pana giza, na paka hafiki.

Yafaa kwanza tuelewe dohani ilivyo kwa ndani. Wengi hudhani ni bomba lililonyooka toka juu hadi chini. Sivyo. Juu kidogo ya meko pana koo jembamba, na katika nyumba nyingine koo hilo lina kilango cha chuma kinachofungwa na kufunguliwa kwa mkono. Nyuma ya koo hilo pana mahali palipo bapa kama rafu, ambapo masizi na matone ya mvua huangukia. Ndege aliyetumbukia mara nyingi hukwama pale pale juu ya rafu. Mwenye nyumba hupiga tochi kutoka mekoni, haoni kitu, akasema ni panya.

Mbona basi ndege asiruke akatoka kwa njia aliyoingilia? Swali hili niliwauliza watoto wa darasa la tano mara nyingi, na jibu lao lilikuwa kwamba amevunjika bawa. Mara nyingi hana jeraha lolote. Ndege wengi hawawezi kupanda wima kama ndoo itokavyo kisimani. Huhitaji nafasi ya kwenda mbele huku wakipanda, na mabawa yaliyokunjuliwa yanahitaji upana ambao dohani haina. Tena kuta zina masizi, kucha hazishiki. Anaona mwanga juu yake na hawezi kuufikia. Hupapatika, huanguka, hupumzika, huanza tena, na kila mara nguvu zinapungua. Ndege mdogo asiyekula wala kunywa hawezi kungoja siku nyingi, kwa hiyo wasemao "mwacheni, atatoka mwenyewe" hawamsaidii.

Sasa niseme juu ya moto, maana hapa mimi mwenyewe nilikosa. Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana katika nyumba ya shule, na mbayuwayu walikuwa wakilia ndani ya dohani usiku na mchana. Nilidhani moshi utawatoa kama nyuki wanavyotolewa mzingani. Nikawasha majani mabichi. Sikusikia ndege akiruka. Baada ya kitambo kidogo makinda matatu yalianguka mekoni, moja baada ya jingine, na mama yao akafuata. Wala haikuishia hapo. Tago lililokuwa juu liliziba njia, moshi ukarudi wote chumbani, na mwanangu aliyekuwa akilala chumba cha pili akaanza kutapika. Tulimtoa nje, akapata nafuu. Wakati ule nililaumu chakula cha jioni. Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba ni ile hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, nayo hutoka katika kila moto wa kuni au mkaa usiopata njia ya kupumua. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Basi dohani iliyozibwa na tago ni hatari kwa ndege, na kwa mwenye nyumba ni hatari zaidi.

Kwa hiyo, ukisikia kitu dohanini, moto uliopo uzimwe na meko yaachwe yapoe kabisa. Kisha kaa kimya, usikilize. Sauti ikiwa juu sana, ya vijisauti vingi vinavyolia kwa pamoja kila baada ya muda, hao ni makinda wanaolishwa, na wazazi wao wanaingia na kutoka bila shida. Hapo hakuna aliyenaswa. Waache. Makinda ya mbayuwayu huruka baada ya majuma machache, na unachotakiwa ni kukaa bila moto katika meko yale mpaka watakapoondoka. Najua ni vigumu kumwambia mtu hivyo mwezi wa Julai. Lakini sauti ikiwa chini, ya kukwaruza na kupapatika, kisha kimya kirefu, kisha tena kupapatika, huyo amenaswa.

Usipande juu ya paa na kusokomeza mti mrefu. Nimewaona vijana wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na kilichoshuka kilikuwa nyama na manyoya. Usimwage maji. Njia iliyo bora ni kumtolea chini, kupitia chumbani, na kazi kubwa ni kukiandaa chumba.

Zoa majivu yote mekoni, kwa maana mabawa yakipiga majivu hamtaonana humo ndani. Toa watoto, mbwa na paka. Funika viti na meza kwa mashuka ya zamani, na vyombo vya udongo viondoe kabisa. Funga milango. Ziba madirisha yote kwa mapazia au mablanketi isipokuwa moja, na hilo moja lifungue wazi kadiri liwezavyo, hata nyavu ya mbu uitoe. Ndege wa mchana hufuata mwanga. Ukiacha madirisha mawili ya kioo yakiwa wazi kwa mwanga lakini yamefungwa, atajipiga kwenye kioo mpaka afe, nawe utakuwa umemtoa katika shimo ili umuue ukutani. Chumba kikiwa tayari, fungua kile kilango cha chuma polepole, maana huenda amekaa juu yake, kisha jiweke pembeni au utoke. Usisimame mbele ya dirisha ukitazama. Ndege haoni tofauti kati ya mtu mwema na mtu mbaya. Yule kwezi wa juzi alitazama chini kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, akashuka mekoni, akaruka moja kwa moja mpaka juu ya msonobari.

Asipotaka kushuka, au akiwa amechoka, itakubidi umtoe kwa mkono. Chukua sanduku la karatasi ngumu, litoboe matundu machache ya hewa, tandika kitambaa chini. Vaa glovu za kazi, jifunge kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la mavi makavu ya ndege na popo hudhuru mapafu. Mrushie kitenge au taulo juu, umfunike pamoja na mabawa yake, umwinue kwa mikono miwili bila kumbana kifua. Ndege hupumua kwa kupanua kifua chake, na ukimkaza hapo hata bila kumuumiza unaweza kumkosesha pumzi. Mtie sandukuni, funika, weka mahali penye joto na kimya. Usimpe ugali, wala maziwa, wala usimtilie maji mdomoni, maana maji huingia katika njia ya hewa. Ndege wa mchana akitulia kwa muda wa saa moja au mbili, mpeleke nje, fungua sanduku, usimrushe juu. Ataruka mwenyewe.

Katika nyumba zenye jiko la chuma lenye bomba, ndege huishia ndani ya jiko lenyewe au kwenye kiwiko cha bomba. Huko hakuna ujanja ila kulegeza kipande cha bomba, jiko likiwa baridi. Na palipojengwa ukuta kuziba meko ya zamani, mwite fundi mwashi atoe tofali moja au mawili ya chini. Atawarudishia siku hiyo hiyo.

Mpaka hapa nimesema juu ya ndege ambao hakuna mtu anayewaogopa. Lakini somo hili halitakuwa kamili nisipomtaja bundi.

Mwezi Julai mwaka 2019, mwaka niliostaafu, niliitwa usiku katika nyumba moja isiyo mbali na kwangu. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwenye maradhi ya figo tangu mwaka uliotangulia, naye hakuwa akitoka kitandani sana. Kitanda chake kilikuwa chumba kilichopakana na sebule, ukuta mmoja na dohani. Kwa usiku mbili ilikuwa imesikika sauti ndani ya ukuta, sauti ya pumzi ndefu ya kukwaruza, kama mtu akoromaye. Usiku wa pili shemeji yake alimulika tochi kutoka juu ya paa, akaona uso mweupe ukimtazama. Akateremka upesi kuliko alivyopanda. Nilipoingia nilimkuta na matambara na chupa ya mafuta ya taa, na akina mama wa nyumba ile wameketi jikoni bila kusema neno, kana kwamba msiba umekwisha fika.

Wasomaji wanajua lililokuwa mioyoni mwao, hapana haja ya kuficha. Kwetu bundi akilia juu ya paa la mgonjwa, watu huanza kuhesabu siku. Huyu hakulia juu ya paa. Alikuwa ndani ya ukuta.

Nikaingia kwanza kwa mzee. "Kamwene, Mzee." Akaitika, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wasema ni mjumbe wangu. Ni kweli?" Kwa miaka thelathini na kitu nilizoea kujibu maswali, lakini hilo lilinikalia vibaya. Nikamwambia, "Ni ndege ameanguka katika shimo. Nitamtoa, halafu utamwona mwenyewe." Akasema, "Basi mlete."

Bundi wa aina hii, mwenye uso mweupe wenye umbo kama moyo, hukaa karibu na watu kwa sababu panya hukaa karibu na watu. Ghala la mahindi la nyumba ile lilikuwa limetobolewa na panya kila pembe. Anawinda usiku kwa masikio kuliko kwa macho. Sikio lake moja liko juu kidogo kuliko jingine, na kwa tofauti hiyo ndogo hujua panya yuko wapi hata gizani kabisa. Manyoya ya mabawa yake yana ncha laini, ndiyo maana hapigi kelele akiruka, na ndiyo maana huonekana kama aliyetokea hewani. Panya humeza mzima, kisha mifupa na manyoya huvitapika vikiwa vimeviringwa kama kidonge kikubwa. Hajengi tago. Hutafuta tundu, na dohani baridi ni tundu zuri mno, isipokuwa kwamba hii ilikuwa laini na nyembamba. Ile sauti ya kukoroma ndiyo sauti yake akiogopa. Alikuwa akituogopa sisi.

Kumtoa bundi kuna tofauti na kumtoa kwezi. Mdomo wake si wa kutisha. Miguu ndiyo yenye hatari. Nilivaa glovu za ngozi za kukatia kuni, nikatumia kitenge kilichokunjwa mara mbili, na nilipomfunika nilishika miguu yote miwili kwa mkono mmoja kabla sijamwinua. Hata hivyo ukucha mmoja ulipita katika glovu ukashika kidole. Mtu akishikwa hivyo asivute, maana kadiri mguu wake ulivyokunjwa ndivyo vidole vinavyozidi kubana. Unyooshe mguu wake taratibu na vidole vitalegea. Kisha osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, na uende zahanati.

Nikampeleka kwa mzee. Wengine wote walibaki mlangoni. Mzee alimtazama muda mrefu, na yule ndege akamtazama naye, amejaa masizi, akiyumba kichwa huku na huku. Mzee akanyosha mkono, akaupitisha chini ya kitenge kupima uzito. "Kumbe mwepesi hivi," akasema. "Hafiki hata nusu kilo." Kisha akamwita shemeji yake kwa jina, akamwambia arudishe mafuta ya taa jikoni.

Bundi haachiwi mchana. Kunguru na ndege wengine humzingira wakamsumbua, na katika mwanga mkali akiwa dhaifu hafiki mbali. Tulimweka sandukuni katika stoo mpaka siku ya pili, giza lilipoanza kuingia, tukafungua karibu na pale pale alipopatikana, kwa sababu anaijua nchi yake. Alikaa ukingoni mwa sanduku, akajikung'uta masizi, akaenda. Hatukusikia bawa.

Mzee alifariki mwezi wa Septemba mwaka ule ule.

Sitaki kuliruka jambo hilo, maana baada ya mazishi niliambiwa mbele ya watu, "Si tulikwambia, Mwalimu?" Nikawauliza kama nilivyokuwa nikiwauliza watoto darasani: katika mtaa huu tumezika wangapi ambao hawakusikia bundi? Na ni usiku ngapi bundi amelia na asubuhi watu wote wakaamka wazima, wakaenda shambani? Siku za namna ya pili hakuna anayezihesabu. Tunaikumbuka ile moja, tunasahau mia. Mzee alikuwa mgonjwa mwaka mzima kabla ndege hajaanguka, na madaktari walikuwa wamekwisha kusema na familia. Katika Biblia nako bundi yumo: Mambo ya Walawi sura ya 11 yamweka katika orodha ya ndege wasioliwa, na Isaya sura ya 34 yamweka katika mahame, na ni kweli apenda mahame. Sikuona mahali anapopewa kazi ya kuleta habari za kifo. Sidhani kwamba wote waliridhika na maneno yangu, na shemeji yake mpaka leo huvuka barabara akiniona na kitenge kile. Lakini jambo moja nalijua. Mzee hakumaliza siku zake akisikiliza kiumbe kikiungua nyuma ya ukuta wa kitanda chake, huku akiamini kwamba kinachoungua ni ujumbe wake.

Mjane wake aliniuliza mwaka uliofuata kama bundi hula panya wakubwa au wadogo tu. Nikamwambia hula wale wale wanaokula mahindi yake. Akasema, "Basi amekaa juu ya ghala usiku mara tatu. Sikumfukuza."

Turudi kwenye dohani, maana kumtoa ndege bila kuziba njia ni kumwalika mwingine. Kwanza hakikisha hamna ndege wala makinda ndani. Ukikuta bundi ametaga humo, fahamu kwamba mayai hulaliwa yapata mwezi mmoja, na makinda hukaa kama miezi miwili kabla ya kuruka; ngoja. Wala usimchukue kinda umfuge. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata wala kufuga wanyama wa porini bila kibali. Ndege aliyevunjika bawa apelekewe habari ofisa wa wanyamapori wa wilaya.

Kisha dohani ifagiliwe, tago na masizi yote yatoke. Kuni mbichi za miwati huacha utando mweusi unaonata katika kuta, na utando huo ukishika moto dohani nzima hunguruma. Kausha kuni zako msimu mmoja kabla ya kuzitumia. Mwisho weka wavu wa waya juu ya mdomo wa dohani. Usiweke wavu wa mbu, kwa sababu masizi yataziba matundu yake katika majuma machache na moshi utarudi chumbani. Tumia wavu mgumu wenye matundu ya kutosha kidole gumba, uviringwe kama kofia iliyoinuka, siyo kutandazwa bapa, ufungwe kwa waya kuzunguka matofali. Ukaguliwe kila mwaka mwezi wa Mei kabla ya baridi. Ukiwasha moto wa kwanza, washa karatasi moja tu, utoke nje utazame: moshi uonekane ukitoka juu. Usipouona, zima.

Ngazi ndefu ya mtaa iko katika stoo nyuma ya kanisa. Mwenye kuihitaji amwone mzee wa kanisa wa zamu, naye aje na mtu wa pili wa kuishika chini. Ngazi irudishwe kabla ya Jumapili, maana mara ya mwisho tuliikuta katika shamba la mtu imeegeshwa kwenye mparachichi.